Mwanao akiwekwa golini, usimwonee huruma

Jumamosi iliyopita mwanangu wa miaka 10 alirudi kutoka uwanjani akapitiliza chumbani. Chai hakuitaka. Nilipomdodosa akasema, "Baba, wameniweka golini. Wanasema mimi sijui mpira."

Mzazi mwenzangu, mtaani ndivyo ilivyo tangu enzi zetu. Golini huwekwa mnene, mgeni, au asiyeweza kukimbia. Nilitaka kumwambia agome. Badala yake nikamsimulia habari za Gianluigi Buffon.

Buffon alizaliwa 1978 mjini Carrara, Italia, na utotoni alicheza kiungo. Mwaka 1990, akiwa na miaka 12, Kombe la Dunia lilichezwa nchini kwao. Katika mechi ya ufunguzi Cameroon waliifunga Argentina ya Maradona, bingwa mtetezi, 1-0, wakimaliza wakiwa tisa uwanjani. Kipa wao alikuwa Thomas N'Kono. Mtoto yule wa Kiitaliano alivutiwa mno na kipa huyo Mwafrika, akahamia golini. Miaka mingi baadaye alimwita mwanawe wa kwanza Louis Thomas, kwa heshima ya N'Kono.

Hapo mwanangu akainua kichwa.

Nikaendelea. Akiwa na miaka 17 Buffon aliidakia Parma dhidi ya AC Milan, wakatoka 0-0. Mwaka 2006 Italia ilitwaa Kombe la Dunia, naye katika mechi saba alifungwa mabao mawili tu: moja beki wake alijifunga, la pili penalti ya Zinedine Zidane. Mwaka huohuo klabu yake, Juventus, ilishushwa daraja kwa kashfa. Nyota kadhaa waliondoka, yeye akabaki. Alistaafu 2023 akiwa na miaka 45, ameichezea timu ya taifa mechi 176.

Sehemu nyingine sikumwambia mtoto, nawaambia ninyi. Kati ya 2003 na 2004, akiwa na fedha na jina, Buffon aliugua sonona. Alitafuta msaada wa mtaalamu, na baadaye akayasema hadharani. Mwaka 2017 Italia ilipokosa kufuzu Kombe la Dunia, alilia mbele ya kamera bila kuficha uso. Watu hawakumdharau; walizidi kumpenda.

Sisi tunawaambia wavulana wetu, "Mwanaume halii." Kisha mtoto anaposusa chai tunasema ana kiburi. Ningemwacha siku ile, nisingejua kilichomkaa moyoni.

Mtoto wako akirudi kutoka mpirani, usianze na "Mmefungwa ngapi?" Muulize, "Umedaka mangapi?" Akinyamaza, kaa naye. Akinyamaza siku nyingi, hali, halali vizuri wala hachezi, mpeleke kwa mtaalamu wa afya.

Jumapili jioni wangu aliniita uani nimpigie mashuti. Nilimfunga mawili. La tatu akalidaka, akakataa kunirudishia mpira.