Haijafa, Imegoma: Mashairi Yaliyofungiwa Ndani ya Disketi

Kitenzi "kufa" kimetuponza. Gari likizimika barabarani twasema limekufa, kisha abiria hushuka, hulisukuma, nalo huwaka na safari ikaendelea. Hakuna aliyefikiria kulizika. Lakini kitenzi hicho hicho kikitamkwa juu ya kompyuta ya zamani, maana yake huhamia kaburini. "Ile imekufa" huwa ni hukumu. Kinachofuata ni stoo, kisha jaa, na disketi zake zote hufuatana nayo. Dai langu, wasomaji wapenzi, ni kwamba ipo sehemu ya ushairi wetu wa miaka ya 1980 na 1990 inayotupwa kwa sababu kitenzi hiki kimetumiwa pasipo mahali pake.

Karatasi tunajua kuitunza, au walau tunajua kuiheshimu. Utendi wa Tambuka umetufikia katika mswada wa mwaka 1728, na bado unasomeka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha SOAS mjini London vina hazina ya miswada ya tenzi kwa hati ya Kiarabu, na msomi akifunga safari kwenda kuipekua hakuna anayemwuliza anatafuta nini kwenye makaratasi machakavu. Malenga aliyetunga mwaka 1987 kwa kubofya kibodi hana heshima hiyo. Ametunga zaidi ya karne mbili na nusu baada ya mswada ule kunakiliwa, na kazi yake imo hatarini kuliko ya Pate.

Nitatumia mfano wa mashine moja ninayoifahamu, maana kuzungumza juu ya "kompyuta za zamani" kwa jumla hakumsaidii mtu. Amstrad PCW 8256 ilitolewa nchini Uingereza mwaka 1985 kwa pauni 399 kabla ya kodi. Kwa bei hiyo mnunuzi alipata kioo chenye maandishi ya kijani, kibodi, printa, na programu ya kuandikia iitwayo LocoScript. Ilikuwa mashine ya waandishi wasio na fedha nyingi. Kiswahili kiliingia humo bila taabu, kwa kuwa lugha yetu haina herufi za kuvishwa alama juu, na ng' yadai apostrofi tu. Umeme wa Uingereza nao ni wa kadiri ya wetu, hivyo mwanafunzi aliyerudi nyumbani na mashine hiyo aliichomeka ukutani akaendelea na ubeti alipouachia.

Ndivyo alivyofanya mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili ninayemwita ami, aliyerejea Mombasa kutoka masomoni mwaka 1988. Aliitumia kwa zaidi ya miaka kumi. Siku moja akaiwasha, kioo kikatoa kijani kitupu, naye akasema imekufa. Ikafunikwa kitambaa.

Kijani kitupu kina maana yake. PCW haina diski ya kudumu ndani. Kila kitu, hata programu ya kuiamsha, husomwa kutoka kwenye disketi, tena disketi za inchi 3, kipimo ambacho dunia haikukipenda. Wengi walishika inchi 5.25 na baadaye 3.5. Upande mmoja hubeba kilobaiti 180, na ukitaka upande wa pili huna budi kuitoa disketi na kuigeuza, kama santuri. Kilobaiti 180 zaonekana si kitu siku hizi, picha moja ya simu huzidi hapo. Lakini hebu tupige hesabu ya kishairi: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, hula herufi kama 160 pamoja na nafasi zake. Upande mmoja wa disketi waweza kubeba beti zaidi ya elfu. Kiendeshi cha disketi kikishindwa, basi mashine nzima haina pa kuanzia, hata kama kioo, kibodi na ubongo wake ni vizima kabisa.

Fundi niliyempelekea ni fundi redio, mzee wa kaseti na deki, mmoja wa wale wachache ambao hawajahamia kwenye simu. Aliisikiliza. Nasema aliisikiliza kwa sababu hakushika bisibisi kwanza, aliweka sikio ubavuni mwa kioo, pale kiendeshi kilipo, akaniambia: "Mwalimu, mota inazunguka lakini disketi haizunguki. Hii haijafa, imegoma." Mimi nafundisha lugha, na sijapata kuona tofauti ya vitenzi viwili ikifafanuliwa vizuri kuliko hivyo. Anayegoma yupo, ana sababu, na ukiitafuta sababu yake huenda akarudi kazini.

Sababu ilikuwa mkanda. Katika viendeshi hivi mota haikugusana na kitovu kinachozungusha disketi. Mwendo husafirishwa na mkanda bapa wa mpira, na mpira huo, baada ya miaka thelathini na zaidi, hulegea au huyeyuka ukawa lami. Wa ami ulikuwa lami. Fundi alichomoa umeme akaiacha mashine ikae, kwa kuwa kioo cha aina ile huhifadhi volti za kuua hata kikiwa kimezimwa. Hapa sitanii, na asiyejua kazi hiyo asifungue. Kisha alikitoa kiendeshi, akafungua skrubu za bodi ya umeme, akaiinua polepole kwa sababu ya nyaya nyembamba ziendazo kwenye kichwa cha kusomea. Aliusugua weusi ule kwa pamba na spiriti muda mrefu, maana chembe moja ikibaki kwenye gurudumu mkanda mpya huteleza. Mkanda wenyewe bado hutengenezwa na kuuzwa Uingereza, nasi tuliletewa na msafiri ndani ya bahasha.

Kuuvika mkanda ni kazi ya dakika chache. Kasi ndiyo yenye ugumu. Disketi inatakiwa izunguke mara 300 kwa dakika, na kichwa husoma kwa kutegemea wakati: mshtuko wa sumaku unaochelewa au kuwahi hausomeki ulivyokusudiwa. Msomaji wa blogu hii hahitaji maelezo zaidi. Anajua kinachotokea mghani anapoburura mizani saba mahali pa nane. Maneno yote yapo, na sikio limepotea.

Fundi hakuwa na kipimo cha kisasa. Alikata duara la karatasi, akachora mistari 20 kwa umbali sawa, akalibandika kwenye gurudumu la chini, akaliwasha chini ya taa ya tyubu ya kizamani. Taa hiyo kwenye umeme wetu humeta mara 100 kwa sekunde, na gurudumu lizungukalo mara tano kwa sekunde hupitisha mistari 100. Kasi ikiwa sahihi, mistari huonekana imesimama tuli. Ikiwa ndogo, mistari hurudi nyuma. Alizungusha kiskrubu cha kurekebishia hadi ikatulia. Ujanja huu aliurithi kutoka kwa mafundi wa santuri, na taa za LED tunazoning'iniza leo kila mahali nyingi hazifai kwa kazi hiyo. (Nilimwuliza kipimo hicho kinaitwaje. Akajibu, "Karatasi ya mistari." Jina hilo lanitosha.)

Baada ya hapo kichwa kilisafishwa kwa spiriti, grisi iliyoganda kwenye reli yake ikafutwa, tone la mafuta ya cherehani likatiwa. Kioo cha kijani kikaanza kujaa. Kati ya disketi 11 za ami, 9 zilisomeka mwanzo hadi mwisho.

Nini kilichokuwamo? Malumbano. Yeye na marafiki zake wawili walijibizana kwa mashairi kwa miaka sita, na baadhi yao yalitoka magazetini. Nimelinganisha vipande vya magazeti alivyohifadhi na yaliyomo ndani ya disketi. Mhariri alikuwa akikata. Shairi la beti kumi na mbili lilitoka na beti saba, mara nyingine bila ule ubeti ambao mpinzani aliujibu wiki iliyofuata, hata jibu likaonekana la mtu aliyeota. Anayeyasoma malumbano hayo kwa kutegemea gazeti peke yake anasoma ugomvi uliong'olewa meno. Wale marafiki wawili wameshatangulia mbele ya haki. Nakala kamili za majibu ya ami haziko popote pengine ila kwenye miduara ile ya plastiki.

Wapo wanaoniambia kwamba mambo haya yaachwe, kwani kilicho bora kilichapishwa na kilichobaki ni takataka ya karakana. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wahariri wetu wangekuwa na kurasa za kutosha, na hawakuwa nazo. Wengine ni wataalamu vijana, nao hunishauri kuondoa kiendeshi chote na kuweka Gotek, kisanduku kinachoifanya mashine iamini kuwa inasoma disketi ilhali inasoma kijiti cha kumbukumbu. Ni ushauri mzuri kwa mtu atakaye kuicheza mashine. Kwangu ni sawa na kubadilisha mlango wa ghala huku nafaka ikibaki nje, kwa kuwa Gotek haiwezi kuisoma disketi yenyewe hata moja. Chombo kiitwacho Greaseweazle kinanivutia zaidi: ni bodi ndogo inayonakili mishtuko ya sumaku kama ilivyo na kuipeleka kwenye kompyuta ya leo. Hata hivyo, nacho lazima kiunganishwe na kiendeshi kizima. Njia zote za kuyafikia mashairi hupitia kwenye mkanda ule wa mpira.

Ndiyo maana sikubaliani na mpangilio wa juhudi zetu. Tunafanya makongamano ya istilahi, tunabishana kama tuseme kompyuta au tarakilishi, na mimi nimo katika mabishano hayo na nayapenda. Wakati huo huo, mafundi wanaoujua mkanda, reli, tyubu na karatasi ya mistari wanazeeka bila wanafunzi, na istilahi zao wanazitamka kila siku bila kuandikwa na yeyote. Idara ya Kiswahili yenye fungu la utafiti ingeweza kumlipa fundi mmoja mwezi mmoja, imkalishe na mwanafunzi mmoja mwenye daftari. Ingepata mashairi na msamiati kwa pamoja.

Kwa walio na disketi nyumbani, naomba mambo machache. Msizijaribu kwenye kiendeshi ambacho hakijasafishwa. Kabla ya yote, sogezeni kile kidude cha pembeni kinachozuia kuandikiwa, ili mashine isije ikafuta kwa bahati mbaya. Faili za LocoScript hazisomwi na programu za leo moja kwa moja. Ndani ya LocoScript yenyewe mna amri ya kutoa nakala ya herufi tupu, tumieni hiyo. Na pwani, angalieni ukungu. Disketi yenye madoa meupe juu ya duara lake itakwaruza kichwa, na kichwa kilichochafuka kitaikwaruza disketi ifuatayo, hata iliyokuwa nzima.

Zile mbili za ami zilizobaki zina madoa hayo. Fundi amezitia katika bahasha ya karatasi, mbali na nyingine, na kwenye bahasha ameandika kwa kalamu ya risasi: "Bado."