Kunywa Moshi: Kutetea Kitenzi Chetu

Mwanafunzi wa Bukavu au wa Goma akiandika "babu anakunywa tumbaku", mara nyingi karatasi yake hurudi na wino mwekundu: tumbaku hainywewi, huvutwa. Kwa heshima yote kwa walimu wetu, mimi naona wino huo unamwagwa kwa haraka. Nitaitetea sentensi ya mwanafunzi huyo kwa kutumia kitu ambacho wengi wetu tumekiona kwenye filamu tu, mdomoni mwa mabwana wakubwa: ile sigara nene ya majani matupu, isiyo na karatasi, ambayo Wafaransa huiita cigare. Hapa nitaiandika sigari, ili isichanganyike na sigara ya kila siku. Najua kamusi hutoa biri, lakini biri asili yake ni kijisigara chembamba cha Wahindi, nacho ni kitu kingine kabisa.

Tuanze na kitenzi. Kiswahili sanifu kinasema kuvuta. Jirani zetu Wanyarwanda wanasema kunywa itabi, Warundi vilevile. Kilingala kinasema komela likaya, na komela ni kunywa. Waturuki nao huinywa sigara. Kwa hiyo Kiswahili cha Kivu hakikupotea njia. Kimepita njia ambayo lugha nyingi zimeipita. Moshi huingia mdomoni kama maji yaingiavyo, na kila lugha imeamua yenyewe kama itatazama pumzi inayovuta au mdomo unaopokea.

Sasa tuje kwenye sigari. Jambo la kwanza anyeshwalo au aambiwalo anayeanza ni kwamba moshi wa sigari haupelekwi mapafuni. Unaingia mdomoni, unakaa juu ya ulimi kidogo, unatolewa. Mtu aliyezoea sigara ya karatasi, akitii kitenzi kuvuta, atavuta kweli: atakohoa, jasho litamtoka, kichwa kitamzunguka. Lakini mwambie apige funda dogo la moshi, ataelewa mara moja. Utaniambia kwamba anayekunywa mwisho humeza. Ni kweli, na ndiyo sababu neno funda linatufaa: funda ni kile kilichomo mdomoni kabla ya kumezwa. Lugha yetu ilikuwa na neno tayari. Lilikuwa linangoja kazi.

Hoja yangu ni hii: Kiswahili, na hasa Kiswahili chetu cha Kongo, kinaweza kueleza ufundi wowote, hata ufundi wa mbali, kama tutakubali kuyatumia maneno yaliyomo vinywani mwa watu. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Hata hivyo darasani tunafundishwa kwa Kifaransa, na wenzetu wengi wameshaamini kwamba Kiswahili ni cha hadithi na methali, ufundi tuwaachie wengine. Basi tukijaribu.

Sigari ina sehemu tatu. Kifaransa huziita cape, sous-cape na tripe, na maneno hayo yote yamefuata Kihispania cha Kuba: capa, capote, tripa. Wafaransa wamekopa bila aibu. Sisi tunaweza kusema joho, kanzu na matumbo: joho ni jani la nje linaloonekana, kanzu ni jani la chini yake linalofunga, na matumbo ni majani ya ndani. Fundi anayeitengeneza huitwa torcedor, neno linalotoka kwenye kitenzi cha kusokota. Sisi tunaye msokotaji, wala hatukuhitaji kumkopa kwa mtu, kwa maana bibi zetu wamesokota tumbaku tangu zamani.

Katika matumbo ndimo siri ilimo. Kwenye mashamba ya Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, mmea mmoja hutoa majani ya namna tatu. Majani ya chini, volado, hushika moto vizuri. Ya katikati, seco, huleta harufu. Ya juu, ligero, yaliyopigwa na jua zaidi, huleta nguvu. Msokotaji huyachanganya kwa vipimo. Jani la joho hulimwa peke yake, chini ya vitambaa vinavyopunguza jua, ili liwe jembamba na laini. Na tusidhani hayo yote ni ya ng'ambo tu: majani ya joho yanayosifiwa sana yametoka Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ng'ambo ya mto Ubangi kutoka kwetu, yakapelekwa kuvikwa sigari za Jamhuri ya Dominika.

Anayeanza achague vipi? Achague fupi na isiyo na nguvu nyingi. Ile iitwayo petit corona ina urefu wa milimita 129 na unene wa 42. Unene huo hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, basi 42 ni kama milimita 17. Robusto ni fupi kidogo, milimita 124, lakini unene wake ni 50, karibu milimita 20, nayo huchukua hata saa nzima. Aibonyeze taratibu kwa vidole: iwe imara lakini irudi, isiwe na fundo gumu wala mahali palipolegea. Joho lisiwe na nyufa. Rangi nyeusi isimtishe, kwa maana rangi ya joho haisemi nguvu ya matumbo. Ihifadhiwe penye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ikikauka huungua haraka na kuchoma ulimi.

Ale kwanza, kwa maana nikotini haimhurumii mwenye njaa. Akate kofia ya kichwani kidogo tu, joho lisije likafunguka. Apashe mguu wa sigari kwa njiti ya kiberiti huku akiizungusha, mwali usiguse jani, kisha apige mafunda madogo hadi moto uenee sawasawa. Baada ya hapo, funda moja kwa dakika linatosha. Akiharakisha, sigari hupata joto na uchungu. Akimaliza asiiponde. Aiweke tu, itazimika yenyewe.

Mzoefu hutafuta mengine. Yeye hutofautisha nguvu, ambayo huisikia kichwani na tumboni, na ladha, ambayo huisikia ulimini. Sisi huwa tunatupa vyote ndani ya neno moja, kali. Lakini tuna ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokausha ulimi, na hakuna neno bora zaidi la kumweleza mtu jinsi jani changa linavyoshika mdomo. Tuna uchungu wa kahawa na uchachu wa ndimu. Juu ya hayo tuna zawadi ambayo Kifaransa kingeitamani: kunuka na kunukia. Kiambishi kimoja tu, na kibaya kimekuwa kizuri. Majani ya tumbaku yaliyovunwa hurundikwa marundo yakapata joto na kuchachuka, yakatoa harufu ya amonia inayoumiza pua. Baada ya miezi, na kwa mengine miaka, ukali huo huondoka. Mchakato mzima wa kiwanda umo katika sentensi moja: jani lililonuka linanukia.

Wakongo wa zamani walifika Kuba kabla ya hoja zetu hizi, tena kwa minyororo. Lugha yao haikufa. Mwaka 1984 Lydia Cabrera alichapisha kamusi ya maneno ya Kikongo yanayosemwa huko Kuba. Katika dini ya Palo, iliyotokana na watu hao, tumbaku huitwa nsunga. Na nsunga katika Kikongo ni harufu nzuri. Watu waliopokonywa kila kitu walipokutana na jani la kigeni hawakungoja kamusi. Waliangalia kile wanachokijua, wakalipa jina.

Nao wasokotaji wa Havana wanatufundisha jambo lingine. Tangu mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro, wafanyakazi walikuwa na msomaji aliyewasomea magazeti na vitabu kwa sauti huku mikono yao ikisokota. Walimlipa wao wenyewe. Watu ambao wengi wao hawakujua kusoma waliijua riwaya ya Alexandre Dumas, na jina la sigari za Montecristo, zilizoanza mwaka 1935, huhusishwa na usomaji huo. Ufundi na lugha vilikaa meza moja. Kwetu vimetenganishwa: fundi anasema Kiswahili, kitabu chake kinasema Kifaransa.

Najua pingamizi. Mwenzangu mmoja ameniuliza kwa nini nipoteze wino kwa anasa inayoua. Kwamba inaua, sibishani naye. Sigari kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku kama ya pakiti nzima ya sigara, na moshi wake husababisha saratani ya mdomo na ya koo hata kwa asiyeupeleka mapafuni. Lakini tazama: onyo hilo hilo linahitaji maneno sahihi. Ukimwambia mtu "usivute", naye anajua kwamba sigari haivutwi bali hupigwa funda, atakujibu "mimi sivuti", na atakuwa amekushinda kwa kitenzi. Mwambie badala yake kwamba funda la moshi huudhuru mdomo ule ule unaolishika. Hapo hana mlango wa kutokea. Anayetaka kuonya sharti ajue jambo linavyofanyika na linavyosemwa, sawa na anayetaka kufurahia.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza, wino mwekundu uache kukimbilia "kunywa tumbaku". Mwalimu aandike pembeni kwamba sanifu ni kuvuta, na kwamba kunywa ni la kwetu na lina ndugu zake. La pili, sisi wa isimu tushuke sokoni na daftari. Akina mama wanaouza tumbaku ya majani, ugoro na misokoto wana majina ya kila daraja la jani, la kila harufu na la kila kosa la kukausha. Mengi ya majina hayo hayamo katika kamusi yoyote iliyo katika maktaba yetu. Tuyaandike kabla wenyewe hawajafunga meza zao.