Ati ni ya Asili? Hata Tumbaku ni ya Asili

Nianze na deni langu mwenyewe, ndio mtu asije akanikumbusha kwa komenti. Mwaka jana nililipwa shilingi 2,500 na chupa tatu za bure nisimame mbele ya simu niseme mafuta fulani ya mkaratusi ndiyo siri ya kujitunza. Nikasema bila hata kupepesa macho: "Weka tone mbili kwa pua kabla ya kulala, utapumua kama uko Uswizi." Uswizi sijawahi fika. Hayo mafuta pia sikuwa nimeyaweka kwa pua yangu hata siku moja. Lakini taa ilikuwa poa, muziki ulikuwa poa, na watu walilaiki hiyo video kuliko kitu chochote nilichowahi kupost nikiwa hapa Ekero.

Chupa moja nilimpea senje yangu. Zawadi. Hakuuliza ni ya nini, alikuwa ameona video.

Mtoto wake alikuwa na miezi saba. Akashikwa na homa, pua ikaziba, usiku analia tu. Senje akafanya kile mtoto wa kaka yake alisema kwa simu: tone moja huku, tone moja huku. Mtoto akakohoa, akakabwa, halafu mikono ikaanza kutetemeka na macho yakageuka. Tulimpanda boda watatu, senje katikati na mtoto kwa shuka, barabara yote nikisikia anavyovuta pumzi kama mlango wenye kutu. Hospitalini daktari aliuliza kitu kimoja: "Chupa iko wapi?" Nikamwonyesha. Imeandikwa kwa Kizungu kwamba ni safi na ni ya asili asilimia 100. Basi. Hakuna jina kamili la mmea, hakuna kiasi, hakuna tarehe, hakuna onyo la watoto. Daktari aliigeuza mara mbili, akairudisha kwa mfuko wangu bila kusema neno.

Mtoto alipona. Alilazwa usiku mmoja, asubuhi akanyonya. Senje hakunifokea. Aliniambia tu, "Si ni wewe ulisema, mwanangu?"

Kwa hivyo leo sina heshima ya kupeana. Nyinyi wenzangu mnaouza haya mafuta mkisema "ni ya asili, haina madhara", mnadanganya, na mimi nilidanganya na nyinyi. Tumbaku ni ya asili. Sumu ya nyoka ni ya asili. Muhogo mchungu ni wa asili, ebu kula mbichi tuone. Neno "asili" linakuambia kitu kimetoka wapi. Halikuambii kitafanya nini kikifika kwa mwili wako.

Na hilo jina lenyewe limeanza na uongo. Kwa mabango mnaandika "mafuta muhimu". Muhimu kwa nani? Hilo ni kosa la tafsiri tu. Wazungu walimaanisha mafuta yaliyobeba kiini cha mmea, ile harufu yake, si kwamba mwili wako unayahitaji. Mwili wako unahitaji maji na usingizi. Lavenda unaweza kuishi bila.

Kitu ambacho hatuelezwi ni kwamba jani na mafuta ya hilo jani si kitu kimoja. Kukhu wangu alikuwa akichemsha mwonyi tukipata homa. Ukiwa Kakamega na hujawahi kufunikwa blanketi juu ya sufuria ya mwonyi, sijui ulilelewa wapi. Lakini kukhu alichemsha majani kiganja kimoja kwa sufuria nzima ya maji, sisi tukapata mvuke na harufu. Mafuta yakikamuliwa kwa mtambo ni hesabu nyingine kabisa: gunia kwa gunia la majani linaishia kwa chupa kidogo. Waridi ndiyo kichekesho, kilo moja ya mafuta yake inahitaji tani kadhaa za petali. Tani! Kwa hivyo ukiuziwa "mafuta safi ya waridi" ya shilingi 300 kwa steji, piga hesabu mwenyewe. Hapo umenunua pafyumu ndani ya mafuta ya kupikia, na pengine hiyo ndiyo bahati yako.

Sasa kuna wale watasema nachukia vitu vyetu, nimenunuliwa na kampuni za dawa. Manze, sikilizeni. Mwonyi huo huo wa kukhu, wataalamu wanauita Ocimum kilimandscharicum, ni ndugu ya mrehani, na una kafuri ndani. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Kakamega, kikundi kinaitwa Muliru Farmers Conservation Group, waliacha kuutafuta msituni wakaupanda mashambani mwao, wakashirikiana na watafiti wa icipe na Chuo Kikuu cha Nairobi, wakakamua mafuta, wakatengeneza balmu inayoitwa Naturub, ikasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mwaka 2010 wakashinda Equator Prize ya Umoja wa Mataifa. Hiyo haikuwa kazi ya wiki moja. Walipima, wakaandika lebo, wakaenda kwa bodi. Na kitu mnachopakwa kwenye kifua ni balmu, mafuta yamechanganywa tayari kwa kiasi kinachojulikana, si maji ya moto ya mtambo moja kwa moja hadi puani. Hawa ni jirani zetu, na mimi nilikuwa nachukua pesa kutangaza chupa isiyo na jina la mmea kwa sababu ilikuwa na picha ya mwanamke mzungu akilala.

Hicho ndicho kinaniuma zaidi. Mtu wa pwani amefukiza udi na ubani kwa chetezo tangu zamani, ameweka asumini kwa nywele na kitanda, hakungoja mtu wa ng'ambo amfundishe kwamba harufu inatuliza roho. Pemba wanakamua mafuta ya karafuu, na hata daktari wa meno anatumia eugenoli, ambayo ndiyo nguvu ya karafuu. Hatukosi ujuzi. Lakini ule ujuzi ulikuwa na mipaka yake: udi unafukizwa chumbani kisha madirisha yanafunguliwa, haunywewi. Sisi tumechukua harufu tukaacha mipaka, na tukaongeza mtambo unaofanya kila kitu kiwe kikali mara kadhaa.

Na si sisi maskini wa Afrika peke yetu tunaofanyiwa hivi. Mwaka 2021 huko Marekani watu wanne wa majimbo tofauti waliugua ugonjwa unaoitwa melioidosi, wawili wakafa. Wachunguzi walizunguka miezi wakashindwa kujua umetoka wapi, hadi walipopata bakteria kwa chupa ya kupuliza chumba yenye lavenda na vito, iliyotengenezwa India na kuuzwa kwa duka kubwa linalojulikana nchi nzima. Chupa nzuri, lebo nzuri. Kama huko kumepenya, nani anapima ile ya kutolewa kwa mkoba wa mtu pale steji?

Wacha niwaambie vile natumia siku hizi, kwa sababu bado natumia. Sikuacha. Napenda harufu ya limau chumbani nikihariri video, na mtu akiniambia inamtuliza baada ya siku mbaya, namwamini. Kutulia ni kutulia. Tatizo linaanza pale unaposema inatibu pumu, presha, fibroidi na kukosa kazi.

Kwa ngozi, usiwahi kuweka mafuta yenyewe. Chukua kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi au alizeti, tia matone matatu. Hiyo ni kama asilimia moja, inatosha uso. Kwa mgongo na miguu unaweza kufika sita. Najua inaonekana kidogo. Hiyo ndiyo nguvu yake. Kabla ya kujipaka kote, paka kidogo ndani ya kiwiko ungoje siku nzima. Ikiwasha au ikiwa nyekundu, osha kwa sabuni na uachane nayo, hata kama ulilipa elfu moja. Na usidanganywe kuyatia matone kwa beseni la kuoga. Mafuta na maji havichanganyiki, yanaelea juu yakingoja mahali laini pa kushika, na nyinyi nyote mnajua ni wapi nasema. Wueh.

Ya limau na ya bergamoti yakikaa kwa ngozi kisha utoke kwa hili jua letu la saa saba, unaweza kuungua malengelenge na kubaki na madoa. Kuna dada alinitumia picha ya shingo yake, alikuwa amejipaka kuondoa madoa. Sasa ana madoa.

Difyuza nayo, nusu saa, dirisha wazi, halafu zima. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja, kitanda, gesi na sufuria vyote mkono kwa mkono, na haya mafuta yanashika moto, yaweke mbali na meko. Ukiwa na pumu, au mwenzako wa chumba ana pumu, uliza kwanza, kwa sababu harufu kali inaweza kumkaba mtu. Kama mna paka, ini lake haliwezi kuvunja vitu vingi vya namna hii, na mafuta ya mti-chai yamewaumiza wengi. Mjamzito aongee na watu wa kliniki, si na mimi.

Kunywa, hapana. Sitaki kusikia "tone moja kwa maji ya ndimu asubuhi". Kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya wintagrini, yale yenye harufu ya dawa za kuchua misuli, kina nguvu ya zaidi ya vidonge 20 vya aspirini. Kwa mtoto hicho kijiko kinaweza kuua. Mkaratusi na kafuri zinaleta degedege, hiyo nimeiona kwa macho yangu, sihitaji kusomewa. Karafuu ikimezwa na mtoto inaweza kuharibu ini. Kwa hivyo chupa zikae juu, zimefungwa, mahali mtoto hafiki, na zisikae karibu na dawa ya kikohozi kwa sababu usiku wa manane stima ikipotea chupa zote zinafanana. Mtoto mchanga usimpake usoni wala puani chochote chenye mkaratusi, kafuri au mint. Pua ikiziba kuna matone ya maji ya chumvi kwa duka la dawa, bei nafuu.

Mtu akimeza, usimtapishe. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia kwa mapafu, na hapo ndipo mambo yanaharibika. Beba chupa, kimbia hospitali. Yakiingia jicho, maji safi mengi, dakika kumi na tano bila kuchoka, halafu uende.

Na kujifukiza, kwa kuwa najua kukhu zenu wapo: tangu 2020, wakati wa korona, hata Rais Magufuli wa Tanzania aliwahimiza watu wajifukize, na huku kwetu kila nyumba ilinuka mkaratusi na ndimu. Mvuke ulifungua pua, virusi haukuua. Ukifanya, sufuria ikae chini, isikae kitandani, na mtoto asiwe chini ya blanketi. Maji ya moto hayajali kama ni ya dawa.

Kuna msee alikomenti kwa posti yangu ya kuomba msamaha: "Wewe uliacha kampasi, leo unatufunza kemia?" Ni kweli niliacha. Lakini kusoma lebo hakuhitaji digrii, na yule aliyeniuzia alikuwa na digrii, ameiweka kwa fremu nyuma yake kwa kila video.

Huyo muuzaji alinitafuta juzi, ati naharibu biashara ya vijana. Nikamuuliza vitu vitatu. Ni mmea gani hasa, jina kamili? Mafuta yenyewe ni asilimia ngapi na kilichobaki ni nini? Nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu iko wapi, kwa sababu anasema ni dawa? Akasoma, nikaona amesoma, akaniblock.

Video yangu niliifuta siku tuliyotoka hospitali. Lakini kuna akaunti mbili bado zinaizungusha, na moja imekata pale mwanzo nilipotaja tangazo, kwa hivyo sasa inaonekana ni ushauri tu wa mtu wa kawaida. Ukiiona, usikomenti, maana komenti inaisukuma mbele. Iripoti, halafu unitumie linki kwa inboksi. Nazifuata moja moja.