Mcheza Kwao Atunzwe na Nani?

Leo nataka tuzungumze habari za mapenzi ya mpira. Ni jambo ambalo wengi hulifanyia mzaha, kumbe lina uzito wake. Kila Jumatatu asubuhi, katika maofisi ya Nakuru na katika foleni ya kupima maziwa huku kwetu, habari ya kwanza si mvua wala bei ya viazi. Watu huulizana Arsenal imefanya nini, na Manchester United imefungwa na nani. Mtu mzima mwenye watoto husema, "Sisi tumeshinda," au, "Sisi tumeonewa na refa," hali yeye na refa huyo wametengwa na bahari na nchi nyingi. Tena husema "sisi" kwa moyo wote, wala hatanii.

Sina nia ya kumcheka mtu huyo. Lakini mwulize swali jingine: Jumapili iliyopita, katika kiwanja cha shule kilicho karibu na shamba lake, vijana wa kijiji walicheza na nani, na mchezo ukaishaje? Hajui. Pengine mtoto wake mwenyewe alikuwamo uwanjani. Basi nauliza, je, neno hili "sisi" lilihamaje kutoka kwa jirani likaenda kukaa London? Maana halikuhama kwa siku moja, wala halikuhama bila sababu.

Yafaa kwanza tukumbuke ya kwamba Nakuru si mgeni katika mpira. Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza, mwaka wa 1963, bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alikuwa Nakuru All-Stars. Timu hiyo ikautwaa ubingwa tena mwaka wa 1969. Kijana wa Bahati akitajiwa habari hii hushangaa kana kwamba ameambiwa hadithi ya sungura na fisi, ingawa aweza kukutajia wachezaji kumi na mmoja wa Chelsea pamoja na wale wa akiba. Jina la All-Stars lilirudi katika ligi kuu mwaka wa 2015, lakini halikudumu huko.

Zamani zile mtu hakuchagua timu, alizaliwa nayo. Aliyetoka kijijini kwenda kutafuta kazi mjini au katika reli alihitaji watu wa kwao wa kumpokea, wa kumsaidia akiugua, na wa kusafirisha maiti yake akifa. Vyama vya watu wa kabila moja vilifanya kazi hiyo, na mara nyingi palipokuwa na chama palikuwa na timu ya mpira. Ndivyo vilabu vidogo vya Waluhya vilivyokusanyika mwaka wa 1964 vikawa Abaluhya, na ndivyo Gor Mahia ilivyozaliwa mwaka wa 1968 kwa kuunganishwa kwa vilabu vya Waluo, nayo ikatwaa ligi mwaka huo huo. Mpenzi wa timu hizi alipokwenda uwanjani siku ya Jumapili hakwenda kutazama mpira tu. Alikwenda kuonana na nduguze, kusikia nani amefiwa, na kusema lugha ya mama yake bila haya.

Mapenzi ya namna hiyo yalikuwa na nguvu, tena yalikuwa na hatari yake, kwa kuwa ugomvi wa uwanjani uliweza kugeuka ugomvi wa kabila. Kwa hiyo karibu na mwaka wa 1980 serikali iliamuru vilabu viache majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Luo Union, iliyokuwa imetwaa kikombe cha vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1976 na 1977, ikawa Re-Union. Gor Mahia ilibaki na jina lake, kwa kuwa ni jina la mtu, mganga mashuhuri wa zamani, si jina la kabila.

Hapa pana funzo. Luo Union ilibadilishwa jina, na haikupata kuwa bingwa wa Kenya tena. Lakini Abaluhya, ambayo nayo ilibadilishwa jina, haikupoteza watu wake. Walijifunza kuiita Ingwe, yaani chui, wakaendelea kuja. Leopards walipotwaa ligi mwaka wa 1998, nani angalidhani ya kwamba hadi mwaka wa 2025 hawangeitwaa tena? Hata hivyo wapenzi wao wangali wakija wakiimba. Wa Gor Mahia nao, waliokwisha kuona timu yao ikitwaa kombe la Afrika la washindi mwaka wa 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia, walikaa tangu 1995 hadi 2013 bila ligi, miaka 18, wala hawakwenda kutafuta timu nyingine. Basi asije mtu akatuambia ya kwamba Mwafrika hana subira na timu yake.

Wala kupenda majina ya Uingereza si jambo jipya. Katika Dar es Salaam, Yanga ilianzishwa mwaka wa 1935, na mwaka uliofuata watu walitengana wakafanya timu nyingine. Timu hiyo ya pili kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, mpaka mwaka wa 1971 ilipoitwa Simba. Lakini angalieni tofauti. Watu wa Dar es Salaam waliazima jina tu. Wachezaji, viongozi, madeni na matusi, vyote vilikuwa vyao wenyewe. Sisi leo tumeazima timu nzima.

Sababu ni nini? Ya kwanza ni televisheni. Tangu miaka ya 1990 mitambo ya setilaiti ilituletea mpira wa Uingereza kila mwisho wa juma, wenye majani mazuri, saa isiyobadilika, na mtangazaji ajuaye kazi yake. Ndiyo maana ukimwuliza mtu umri wake waweza kubahatisha timu yake. Aliyefumbuliwa macho siku za Ferguson ni wa Manchester United. Aliyeanza kutazama mwaka wa 2004, Arsenal ilipomaliza ligi bila kushindwa, ni wa Arsenal. Aliyekuja mwaka uliofuata, Chelsea ilipotwaa ligi baada ya miaka 50, ni wa Chelsea.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe, na hasa wakubwa wetu wa mpira. Wakati picha nzuri zilipokuwa zikija kutoka mbali, viongozi wa hapa walikuwa wakigombania viti. Mara tatu, yaani mwaka wa 2004, 2006 na 2022, FIFA iliisimamisha Kenya kwa ajili ya mivutano ya uongozi na kuingiliwa kwa mpira na serikali. Mtu aliyepanda matatu kwenda uwanjani akakuta mchezo umeahirishwa bila tangazo, atarudi mara ngapi? Hata Ulinzi, timu ya jeshi iliyocheza miaka mingi katika uwanja wa Afraha hapa Nakuru na kutwaa ligi mwaka wa 2003, 2004, 2005 na 2010, ilikuwa kwetu kama mgeni mwema. Tulimpenda, tulimshangilia, lakini mgeni huenda anakotumwa, na michezo yake ikahamishwa.

Sababu ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi, nayo ni kamari. Tangu SportPesa ilipoanza mwaka wa 2014, na nyingine nyingi zikaifuata, kijana aweza kuweka fedha zake katika simu akiwa kitandani. Huandika orodha ya michezo, naye huiita mkeka. Tazameni jinsi kamari inavyoyageuza mapenzi. Mtu wa Gor Mahia, aliyelishwa jina hilo tangu utoto, huweka fedha ili Gor ifungwe, kwa kuwa amehesabu faida. Siku hiyo yeye ni wa timu gani? Si wa yo yote. Hushangilia timu za nchi ambazo hawezi kuzionyesha katika ramani, na goli la dakika ya mwisho likiingia huko, mkeka huchanika Bahati, na fedha za mbolea huenda nao. Mahali petu paitwa Bahati, lakini sijamwona mkulima hapa aliyevuna viazi kwa bahati. Hupanda, hupalilia, hupiga dawa ya ukungu, ndipo huchimba.

Vilabu navyo vilionja uchungu wa fedha hizo. SportPesa ilizidhamini Gor Mahia na AFC Leopards, nayo ikamleta hata Everton hadi Dar es Salaam mwaka wa 2017 kucheza na Gor. Lakini mwaka wa 2019, katika mvutano wake na serikali juu ya leseni na kodi, iliacha udhamini huo, na vilabu vilivyozoea kulishwa kwa mkono mmoja vikapata shida ya kulipa wachezaji. Klabu yenye watu elfu nyingi wanaoipenda, lakini ambayo haiwezi kuishi mwezi mmoja kwa viingilio vyao, ina deni kwa wapenzi hao, nao wana deni kwake.

Je, mapenzi yaliyohama yaweza kurudi? Naamini yaweza, na ushahidi wake si wa zamani. Mwezi wa Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, ambayo huchezwa na wale tu wanaocheza katika ligi za nchi zao. Hakuna aliyeitwa kutoka Ulaya. Austin Odhiambo wa Gor Mahia aliifunga Kongo. Ryan Ogam wa Tusker aliifunga Moroko, ambayo mwishowe ndiyo iliyotwaa kombe, kisha akaifunga Zambia. Uwanja wa Kasarani ulijaa, tena watu wakajaribu kuingia kwa nguvu hata wakubwa wa mpira wa Afrika wakapunguza idadi ya watazamaji. Kenya ilitolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti, na watu wazima walilia.

Sasa fikirini. Vijana wale waliolizwa na watu wazima ni wale wale ambao wiki chache kabla ya hapo walikuwa wakicheza mbele ya viti vitupu. Miguu yao haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mchezo uliandaliwa vema, ulianza kwa saa, na watu wakaambiwa mapema.

Kwa hiyo simwambii mtu wa Arsenal aitupe Arsenal. Amekaa nayo miaka 20 na zaidi tangu ule ubingwa wa 2004, akivumilia dhihaka za jirani, na uvumilivu huo ni mali. Namwomba sehemu ndogo tu ya uvumilivu huo kwa timu ya nyumbani, ambayo huiacha baada ya kufungwa mara mbili. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Arsenal haitamtafutia mwanao viatu vya mpira, wala haitakuja kusawazisha kiwanja cha shule chenye mashimo ya fuko. Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Uingereza, aliyejiunga na Southampton mwaka wa 2013, alipitia AFC Leopards kwanza. Asingalikuwapo mtu wa kumtazama hapa, asingalionwa kule.

Nanyi mnaoongoza timu za vijiji vyetu, sikilizeni. Bandikeni tangazo la mchezo sokoni siku tatu kabla. Anzeni kwa saa mliyosema. Wekeni daftari la fedha, mlisome mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, hata kama zilizomo ni shilingi mia tatu. Mkulima hatoi fedha zake mahali asipoonyeshwa hesabu, na hapo ana haki.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo halimwelekei mchezaji peke yake. Latutaka na sisi tulioketi pembeni tuwe na cha kumtunza, na tuwepo siku ya mchezo. Basi Jumapili hii, baada ya ibada na chakula, mzee mwenye gari na ampakie jirani, karani na aache simu yake mfukoni, mama na aje na watoto. Mchezo wa Uingereza utaonyeshwa tena usiku kwa wanaoupenda. Ule wa kiwanja cha shule hauonyeshwi mara ya pili.