Tiba kinga ya kifua kikuu kwa wanaoishi na VVU: Mtowisa na hesabu ya wiki 12

Mtu anayeishi na Virusi vya UKIMWI (VVU), anayemeza dawa za kufubaza virusi kila siku na kuendelea na shughuli zake bila kuugua, anapoelezwa aanze dawa za kifua kikuu ambacho hana, swali lake la kwanza huwa la haki: za nini? Jibu analopewa huamua, pengine kuliko wingi wa dawa zilizopo stoo, iwapo tiba kinga itaanzwa na kumalizwa.

Jibu lenyewe si gumu. Vimelea vya kifua kikuu huweza kujificha mwilini kwa miaka mingi bila dalili, vikaamka kinga inapopungua. Dawa za kufubaza VVU hupunguza hatari hiyo, lakini haziiondoi. Utafiti wa TEMPRANO uliofanyika Côte d'Ivoire, ambao matokeo yake ya muda mrefu yalichapishwa mwaka 2017, ulionesha kuwa waliopewa isoniazidi kwa miezi sita walikuwa na hatari ya kufariki iliyopungua kwa asilimia 37, wakiwemo waliokuwa na kinga imara.

Ugumu upo katika kumaliza. Kata ya Mtowisa, katika Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, ipo Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya miteremko ya uwanda wa juu wa Ufipa. Wananchi wake hutegemea kilimo, ufugaji na uvuvi, kazi zinazomweka mtu mbali na kituo cha afya kwa muda mrefu. Kwa mtu wa namna hiyo, dozi ya kila siku kwa miezi sita ni takribani mara 180 za kukumbuka.

Ndiyo maana mchanganyiko wa isoniazidi na rifapentini, unaomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, una maana kubwa zaidi bondeni kuliko mjini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 12 za mradi uliofadhiliwa na Unitaid kusogeza dawa hiyo. Mtumiaji ambaye hali yake ni tulivu huweza kupewa dawa za VVU za miezi mitatu; tarehe zikioanishwa, safari moja hubeba dozi nzima ya kinga.

Hata hivyo, kidonge cha wiki nacho huweza kusahaulika, hivyo ni vyema kifungwe na siku isiyosahaulika, kama ya gulio au ya ibada. Mkojo kubadilika rangi kuwa ya machungwa, jambo lisilo na madhara, humtisha asiyeelezwa mapema. Pombe huongeza hatari kwa ini, na rifapentini hupunguza nguvu ya baadhi ya njia za homoni za uzazi wa mpango. Mwenye kikohozi, homa, jasho la usiku au kupungua uzito hupimwa kwanza, kwani tiba kinga haitoshi kutibu ugonjwa uliokwisha kuamka na huweza kuzalisha usugu.

Duniani, lengo la Umoja wa Mataifa la kuwafikia watu milioni 6 wanaoishi na VVU kati ya 2018 na 2022 lilivukwa kwa mbali. Hao, lakini, ni walioanza. Kumaliza hufuatiliwa nyumbani, na hapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wana nafasi yao: kwa mvuvi aliye kambini, simu moja ya wiki ya nne, kwa ridhaa yake, inaweza kubaini kichefuchefu au ganzi kabla dozi haijaachwa.