Gari la mbio: kukodi ao kununua? Hesabu ambayo mjadala wa Formula 1 uliiacha pembeni

Mwisho wa mwaka 2024, mbio za magari ziliingia katika siasa za eneo la Maziwa Makubwa. Tarehe 13 Desemba, mjini Kigali, mbele ya mkutano mkuu wa FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, Raisi Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa shindano la Formula 1. Mwezi wa pili 2025, Goma ikiwa imekwisha kuangukia mikononi mwa M23, Waziri wa mambo ya inje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia wakubwa wa Formula 1 akiwaomba waachane na mazungumzo hayo. Afrika haijaona shindano la aina hiyo tangu lile la Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993.

Katika mabishano hayo, watu walizungumza juu ya viwanja, mikataba na vita. Swali moja halikuulizwa sana: dereva wa mbio anatoka wapi? Hata kama uwanja ungejengwa kesho, kijana wa Kigali, wa Kampala ao wa Bukavu angeingia kwa mlango gani? Mlango wa kwanza ni shule. Na pale mlangoni kuna swali la feza kabla ya swali la kipaji: gari la kujifunzia, utalikodi ao utalinunua?

Ili kuliona swali hilo wazi, tuangalie Marekani, inchi ambamo jamaa nyingi za Wakongomani wanaishi leo, na ambamo mtu wa kazi ya kawaida anaweza kuingia katika mbio bila kuwa mtoto wa tajiri.

Shule bila gari haiwezekani

Kule, chama kikubwa cha mbio za watu wasiolipwa ni SCCA, kilichoanzishwa mwaka 1944. Wanachama wake ni mafundi, walimu, wafanyabiashara, watu wanaofanya kazi zao toka siku ya kwanza hadi ya tano, kiisha wanakwenda uwanjani mwisho wa juma. Anayetaka lisansi ya kushindana anapimwa na daktari, anapewa karatasi ya mwanafunzi, kisha anapita katika shule ya madereva.

Katika shule hiyo, walimu hawatafuti mwenye mwendo mkali kuliko wote. Wanaangalia kama mwanafunzi anaona bendera za njano na nyekundu, kama anajua kupita mwenzake na kumwacha mwenzake apite, na kama wengine wanaweza kubashiri atakachofanya. Dereva mwenye kasi asiyeeleweka ni hatari kuliko mpole.

Kuna shule za biashara, kama Skip Barber iliyoanza mwaka 1975, ambazo gari ni la shule na bei yake iko ndani ya malipo. Lakini katika shule za vyama, mwanafunzi anafika na gari lake mwenyewe ao la kukodi, nalo lazima lipite ukaguzi wa usalama. Gari moja linalopendwa sana na wanaoanza ni Mazda Miata, gari dogo lililotoka mwaka 1989. Vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi, na magari yote ya kundi lake yanatengenezwa kwa kufuata sheria moja, ili dereva ndiye alete tofauti.

Anayekodi analipia nini

Mwenye kukodi anafika na kofia ngumu, nguo zisizoshika moto na viatu. Gari analikuta uwanjani. Fundi yuko, vifaa viko, na likisumbua kidogo asubuhi kuna watu wa kulishughulikia. Jioni anarudisha ufunguo na kwenda nyumbani.

Lakini mkataba wa kukodi unafaa kusomwa pole pole, kama ule wa nyumba. Kwanza kuna garanti, feza inayobaki kwa mwenye gari mpaka lirudi salama. Halafu kuna kanuni inayowashangaza wengi: ukiligonga, unalipa wewe. Ukishusha vitesi vibaya na mashine ikaharibika, mara nyingi ni wewe pia. Asiransi ya kawaida ya gari la barabarani haifuniki ajali ya mashindano. Iko asiransi ya pekee kwa ajili ya uwanja, lakini inauzwa kando.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi ni haya: mipira na mafuta viko ndani ya bei? Gari likikufa lenyewe, bila kosa lako, feza inarudishwa? Nikiharibu, kuna kiwango cha mwisho nitakacholipa, ao ni mpaka bei nzima ya gari?

Anayenunua ananunua zaidi ya gari

Mwenye kununua ana faida yake. Gari ni lake, kiti kimepimwa kwa mwili wake, na anaweza kufanya mazoezi siku yoyote uwanja unapofunguliwa. Akichoka na mchezo, atauza na kurudisha sehemu ya feza.

Tatizo ni kwamba gari la mbio haliji peke yake. Linahitaji remorke ya kulibeba na gari lingine la kuivuta. Linahitaji mahali pa kulala, vifaa, mipira ya akiba, freni mpya mara kwa mara. Hata mikaba ya usalama, yenye alama ya SFI ao ya FIA, ina tarehe zake za mwisho. Anayenunua gari la zamani bila kuangalia tarehe hizo anaweza kukataliwa kwenye ukaguzi hata kama mashine inalia vizuri. Aombe pia daftari la gari, ambamo wakaguzi wanaandika ukaguzi na ajali zilizopita. Na gari likikataa kuwaka siku ya shule, feza ya shule imekwenda.

Hesabu yenyewe

Tufanye hesabu ya mfano; tarakimu hizi si bei za soko, ni za kuonyesha njia tu. Tuseme kukodi ni dola 2.500 kwa mwisho wa juma mmoja, kila kitu ndani. Tuseme gari la kununua, pamoja na remorke na vifaa, ni dola 19.000, na kila mara linapokwenda uwanjani linakula dola 1.000 za mipira, freni, mafuta na safari. Baadaye vyote vitauzwa kwa dola 11.000.

Kwa shule moja na mashindano matatu, yaani mara 4, aliyekodi ametoa dola 10.000. Aliyenunua, baada ya kuuza, amepoteza dola 12.000. Kwa mara 8, mambo yanageuka: aliyekodi ametoa dola 20.000, aliyenunua amepoteza dola 16.000. Mpaka kati yao uko kati ya mara ya 5 na ya 6.

Kwa hiyo swali si bei ya gari. Swali ni utakwenda uwanjani mara ngapi, na mtu ambaye hajaingia shule hata siku moja hawezi kulijibu. Isitoshe, mnunuzi alipashwa kuwa na dola 19.000 mkononi kabla ya kuzunguka uwanja mara moja. Kama ni deni, na kama gari linagongwa siku ya pili, gari limekwisha lakini deni linabaki.

Motari wa kwetu anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Anayeanza anapanda pikipiki ya bosi na kumpelekea verseman kila jioni. Inamuuma, lakini ndiyo miezi anayojifunza barabara, polisi, bei ya vipuri na kama kazi yenyewe anaiweza. Anayeuza shamba la baba ili anunue pikipiki kabla ya kujua hayo, mara nyingi anapoteza vyote viwili. Tofauti ni kwamba pikipiki inaingiza feza. Gari la mbio linakula tu. Ni sababu ya pili ya kutokimbilia kununua.

Karibu na sisi

Kenya inatoa mfano. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021. Mwezi wa pili 2022, kijana Mkenya McRae Kimathi alishindana katika theluji ya Sweden, katika kundi la vijana la mashindano hayo ya dunia. Katika kundi hilo, vijana wote wanaendesha Ford Fiesta za aina moja, zinazotayarishwa na kampuni ya M-Sport. Hakuna anayeshinda kwa sababu baba yake alinunua gari bora.

Hata Lewis Hamilton, anayetaka Formula 1 irudi Afrika, alianza na gari dogo la watoto ambalo baba yake alinunua, likiwa limekwisha kutumiwa, huku akifanya kazi zaidi ya moja ili kulilisha. Toka mwaka 1998, McLaren walimchukua katika mpango wao wa vijana. Na leo, kule juu kabisa, hakuna dereva wa Formula 1 anayeendesha gari lake mwenyewe. Wote wanaendesha mali ya timu.

Hapo ndipo mjadala wa mwaka 2025 ulikuwa na pengo. Inchi inaweza kukopa mamilioni na kujenga uwanja ambao wageni watakuja kuutumia siku tatu kwa mwaka, kiisha waondoke na magari yao. Chama kinachonunua magari madogo kumi na kuyakodisha kwa vijana kwa siku, chini ya mwalimu na fundi, kinatumia feza kidogo sana, na ndicho kinachotoa madereva. Kwetu mashariki, ambako amani ndiyo inayotangulia yote, hilo litangoja. Lakini siku likifika mezani, wanaolipanga waanze na magari ya kukodisha, uwanja ufuate.

Kwa msomaji aliye ng'ambo na ambaye tayari anatazama matangazo ya magari ya kuuza, jibu ni fupi: kodi kwa shule, na ukiweza, kodi aina ileile unayotaka kununua. Ukimaliza mashindano matatu na bado unaota uwanja usiku, hapo utajua mwenyewe idadi ya kuweka katika hesabu.