Tunakariri, Kisha Tunalia Kujuana!

Ndugu msomaji, leo sitaki kuremba maneno. Sisi vijana wa Njombe na Makambako tunajidanganya, na mimi ni mmoja wa waliowauzia wenzao uongo huo.

Nimemaliza kidato cha nne. Riwaya yangu bado imo ndani ya madaftari matatu, na tumbo halisubiri riwaya. Basi mwenye kibanda cha fotokopi pale Makambako akaniambia, "Mdogo wangu, wewe si unajua kuandika? Nitungie majibu ya usaili." Nikatunga maswali 20 na majibu yake. Udhaifu wako ni upi? Jibu: eti napenda kazi mno hadi nasahau kula! Kopi moja shilingi 500. Zilikwisha kama mahindi ya kuchoma siku ya baridi.

Baadaye nikaitwa usaili mjini Njombe, kazi ya karani wa kupokea maparachichi ghalani. Tulikaa tisa kwenye benchi, baridi inauma, mlango haufungi vizuri. Nikamsikia dada mmoja ndani: "Napenda kazi mno hadi nasahau kula." Aliyefuata naye, neno kwa neno. Zamu yangu ilipofika, mzee mmoja akaniuliza, "Na wewe kijana, husahau kula?" Wakacheka. Kisha akaweka maparachichi mawili mezani. "Lipi limekomaa?" Mimi, mzaliwa wa Njombe, nikababaika. Kazi nikaikosa, na kwa kweli nilistahili kuikosa.

Wapo watakaosema: watu ni wengi, nafasi chache, kijana afanyeje? Hilo silikatai. Juni 2014, waombaji zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA ilipata maombi zaidi ya 130,000 kwa nafasi 1,596. Kwa umati kama huo, mchujo wa kuandika hauepukiki.

Lakini hebu fikirini, jamani. Mkibaki tisa mbele ya wasaili, na wote tisa mmekariri karatasi moja, atachaguliwa nani? Kwa kipi? Msaili mwenye mpwa wake kwenye benchi atamchukua mpwa, na hakuna wa kumwuliza, maana majibu yenu yalilingana! Halafu tunatoka nje tunalia kujuana. Upendeleo upo, sibishi. Ila sisi wenyewe tunaufungulia mlango.

Nao wasaili wasijifiche nyuma yetu. Swali lisilobadilika miaka nenda rudi ndilo lililozaa kile kibanda. Na wale wanaomsaili karani kwa Kiingereza, ilhali kutwa ataongea na wakulima kwa Kiswahili na Kibena, wanapima nini hasa?

Kujiandaa ni nini basi? Ni kuijua kazi kabla hujaiomba. Mkulima yeyote jirani angeniambia kwamba parachichi likichumwa changa halilainiki vizuri, linasinyaa. Sikumwuliza, nilikuwa nakariri. Na Makambako je? Barabara ya Songea inaungana pale na ile ya kwenda Tunduma, na reli ya TAZARA inapita. Malori kibao, mbao, viazi. Simama pale asubuhi moja, tazama mzigo unavyopimwa na kuandikwa, uliza wanaoupakia. Hiyo ni shule, na haina ada. Ukiulizwa, utasema ulichokiona kwa macho yako, na hakuna mwingine kwenye benchi atakayekuwa na maneno hayo.

Nilirudi kibandani nikamsihi yule kaka aache kuiuza karatasi ile. Akanijibu, "Wateja wanaitaka, bwana." Bado anaiuza. Basi nasema hapa, mbele yenu wote: msiinunue. Aliyeitunga ni mimi, na mpaka leo kazi sina.